Ngazi Nilizozijenga Mwenyewe

Mimi ni fundi mwashi. Kwa muda wa miaka zaidi ya 30 nimejenga nyumba, madarasa na matangi ya maji katika vijiji vya Mlima Meru, upande wa juu ya Tengeru. Katika miaka hiyo nimejenga ngazi nyingi mno, nami nalijivuna nazo. Kwetu mafundi, nyumba isiyo na ngazi mlangoni huonekana kama mtu aliyevaa suti bila viatu. Basi leo nataka kuwasimulieni jinsi nilivyofundishwa habari za ngazi na mtu ambaye hajapata kushika mwiko hata siku moja. Mtu huyo ni dada yangu mkubwa.

Dada yangu ni mjane, umri wake miaka 67. Aliugua kisukari kwa muda mrefu, na miaka miwili iliyopita kidonda cha mguuni kiliwashinda waganga, akakatwa mguu wa kuume chini ya goti. Alipotoka hospitali tulimpatia kiti cha magurudumu. Nyumbani kwake akajizoeza upesi: alipika, alifua, alipalilia mboga zake akiwa amekaa, na wajukuu walimwogopa kama zamani. Nilipomwona hivyo nalisema moyoni, taabu yake imekwisha. Kumbe nilikuwa namwona nyumbani tu. Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwaka jana, mvua za masika zilipokwisha, benki moja ya mjini Arusha ilimwita kwa ajili ya fedha za mirathi ya marehemu mumewe. Barua ilisema afike mwenyewe, alete kitambulisho, apige alama ya kidole. Haikuruhusiwa kumtuma mtu. Watoto wake wako mbali, basi akaniambia, "Mdogo wangu, utanisindikiza." Nikamjibu, "Dada, hiyo ni kazi ndogo. Kabla ya saa sita tutakuwa tumekwisha rudi."

Siku ile nilimpitia asubuhi na mapema. Nikamkuta amejifunga kanga mpya na kilemba, yu tayari. Binti yangu alikuwa amepika chai ya maziwa, lakini dada akala kipande cha kiazi tu, chai hakuigusa. Nikamwuliza kama anaumwa. Akasema, "Siumwi. Sina kiu." Nikaona ni ajabu, maana dada yangu na chai ni marafiki wa siku nyingi. Lakini sikuuliza tena.

Jirani mwenye pikapu alitushusha mpaka barabarani, pale Tengeru. Tukasimama kungoja motokaa za kwenda mjini. Ninyi mnaozijua Hiace za njia ile mnajua kwamba husimama hata kwa mama mwenye mikungu mitatu ya ndizi. Siku ile hazikusimama. Ya kwanza ilipunguza mwendo; konda alipoona kiti cha magurudumu akagonga bati, ikaondoka. Ya pili konda alisema imejaa, nami kwa macho yangu nikaona nafasi mbili. Ya tatu haikusema kitu. Ya nne ilikuwa na konda kijana mwenye adabu. Akashuka, akasema, "Shikamoo mama," akanisaidia kumpandisha. Mlango wa Hiace uko juu, na mtu wa mguu mmoja hana njia ya kupanda ila kuinuliwa kama gunia. Kisha konda akakunja kiti, akakiweka nyuma, akasema tutalipa nauli ya watu watatu, maana kiti kimekula nafasi ya mtu. Dada akamwambia, "Mwanangu, mimi nimekuja na kiti changu, nawe wanitoza kiti kingine?" Abiria wote wakacheka, hata konda. Lakini nauli ya tatu tulilipa.

Tuliteremka mjini, si mbali na Mnara wa Saa. Kutoka pale mpaka benki tuliyoitwa, mimi kwa miguu yangu hutembea dakika 10. Siku ile tulitumia saa nzima na zaidi. Nami kwa kuwa ni fundi, mtu wa kupima na kuhesabu, nilipokwama mara ya tatu nikaanza kuhesabu.

Mji wa Arusha umelala miguuni pa Meru, na ardhi yake yote hushuka kutoka kaskazini kwenda kusini. Mvua ikinyesha mlimani, maji huja kwa nguvu. Kwa sababu hiyo barabara zimewekewa mitaro yenye kina na kingo zilizoinuka. Hayo ni ya lazima, na fundi yeyote angefanya hivyo. Lakini mwenzangu, umepata kuutazama ukingo wa barabara? Mimi nimeukanyaga maelfu ya mara bila kuutazama. Ni kitu cha shubiri moja tu, mguu huuruka wenyewe, akili haina habari. Kwa gurudumu dogo la mbele la kiti kile, shubiri moja ni ukuta. Ilinibidi nigeuke, nikivute kiti kinyumenyume, nikiinue na dada yangu ndani yake, nikivushe, nikigeuze tena. Nilipovuka barabara moja hivyo, jasho lilinitoka kama mtu aliyechanganya zege.

Juu ya mtaro mmoja kulikuwa na mifuniko ya zege ili watu wapite. Mfuniko mmoja umevunjika, nao watu wameweka ubao. Mtu mzima huruka, mtoto huruka. Sisi tulirudi nyuma tulikotoka, tukazunguka. Njia ya waendao kwa miguu ilikuwako, tena nzuri. Lakini juu yake wamepanga viatu vya mitumba, ndoo na nyanya, na pikipiki zimeegeshwa safu kama askari. Hapo hatukuwa na budi kushuka barabarani, kupita pamoja na motokaa. Mbele yetu alikuwapo kijana mmoja kipofu mwenye fimbo nyeupe. Fimbo ikagusa gurudumu la pikipiki. Akahama kushoto, ikagusa nyingine. Akahama kulia, akakanyaga viatu vya mwenye biashara, naye akapigiwa kelele. Kijana akasimama tu. Dada akaniambia, "Nisukume mpaka kwake." Akamshika mkono, wakaenda pamoja, mmoja ana macho na mwingine ana miguu. Mimi nyuma nasukuma, nimenyamaza. Tulipofika benki hesabu yangu ilikuwa mahali 14.

Sasa sikilizeni habari za benki. Jengo lile ni zuri, vioo vitupu. Mlangoni pana ngazi 6, zimepambwa kwa mawe yanayong'aa. Nami, Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililofanya ni kuzisifu. Nalisema, "Fundi aliyeziweka hizi anajua kazi."

Askari wa mlangoni akatujia kwa heshima. Akasema, "Mama, usihofu, tuko wanaume hapa. Tutakubeba." Akamwita mwenzake. Dada yangu akashika magurudumu kwa mikono miwili akasema, "Sibebwi." Wakadhani anatania. Akarudia, "Nimesema sibebwi." Nikamwinamia nikamwambia taratibu, "Dada, ni ngazi sita tu. Ni dakika moja." Hakunijibu. Nami nikaona hasira. Nilikuwa nimechoka, jua limepanda, nami nikasema moyoni kwamba uzee umemfanya mkaidi. Nikamwacha pale chini, nikaingia peke yangu kutafuta karani.

Ndani nikaketi kungoja. Karibu yangu palikuwa na kijana anayetazama midomo ya watu kwa bidii. Karani akaita jina mara moja, mara mbili, mara tatu, kisha akaita la mtu mwingine. Baada ya kitambo kijana yule akaenda dirishani na karatasi yake. Kumbe jina lililoitwa ni lake, naye ni kiziwi. Wakamwambia kwa mikono arudi akae mwisho. Pale hapakuwa na ngazi, sakafu ni sawa kama meza. Lakini kijana yule naye alikuwa amezuiwa kama dada yangu.

Mwishowe karani mmoja, binti mwema, akakubali kutoka nje na karatasi. Dada yangu akamalizia shughuli ya mirathi ya mumewe chini ya ngazi, juani, mbele ya wapita njia. Kiasi cha fedha kilisomwa kwa sauti kwa sababu ya kelele za motokaa, na vijana waliosimama pale wakasikia. Kisha karani akanigeukia mimi akauliza, "Mzee, huyu mama anaweza kusaini?" Dada yangu akamjibu mwenyewe, "Mwanangu, kilichokatwa ni mguu. Mkono upo, na ulimi upo." Binti wa watu akaona haya sana, akaomba radhi. Nami nikaona haya pamoja naye, kwa kuwa nami njia nzima nalimjibia dada yangu maswali aliyoulizwa yeye.

Tukarudi. Saa tisa tulikuwa Tengeru, saa kumi na moja nyumbani. Alipofika tu aliingia uani. Alipotoka akaomba maji, akanywa vikombe vitatu mfululizo. Ndipo nikakumbuka chai ya asubuhi. Nikamwuliza. Akasema, "Mdogo wangu, kule mjini nitajisaidia wapi? Vyoo vile mlango ni mwembamba, na ndani mna kidato. Mimi nikiwa na safari sinywi kitu tangu jana yake jioni." Mtu mwenye kisukari, safari ya siku nzima, juani, bila maji! Nami nilikuwa naye tangu asubuhi, sikujua.

Basi nikaketi karibu naye, nikamwuliza habari ya kubebwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo sijalisahau mpaka leo. Akasema, "Unazikumbuka ngazi za zahanati yetu?"

Nawezaje kuzisahau? Ngazi zile nilizijenga mimi. Kijiji kilipojenga zahanati kwa nguvu zetu wenyewe, mimi nilikuwa katika kamati ya ujenzi. Kwa kuwa maji ya masika hushuka kutoka mlimani na kuingia nyumbani, nilishauri msingi uinuliwe sentimeta 60. Mbele nikaweka ngazi nne, kila moja sentimeta 15, nikazipima kwa pima maji, nikazipiga niru mpaka zikang'aa. Siku ya kufungua, wakubwa walisimama juu yake wakapigwa picha.

Dada akaendelea kunieleza. Mwezi wa pili baada ya kukatwa mguu, alikwenda zahanati kupimwa sukari. Vijana wawili wakajitolea kumpandisha. Mmoja akashika kwapani, mwingine akashika mapajani, na katika kuinuliwa nguo yake ikapanda juu, mbele ya watu waliokaa ukumbini, mbele ya vijana aliowanawisha walipokuwa watoto wachanga. Hakuna aliyecheka. Lakini tangu siku ile hakurudi. Alimtuma mjukuu na kadi kuchukua vidonge, na kila alipoulizwa alisema ni mzima. Miezi mitano hakupimwa sukari, wala mtu hakuutazama mguu wake uliobaki. Akaniambia, "Sikutaka kukuambia, maana najua ngazi zile unazipenda."

Wasomaji wapenzi, usiku ule sikulala. Konda niliyemkasirikia alitoza nauli moja. Mimi na pima maji yangu nilikuwa nimemfungia dada yangu mlango wa dawa kwa miezi mitano, na kila nilipopita pale nilitazama kazi yangu nikafurahi.

Asubuhi sikungoja kujenga chochote. Nilikwenda nikamwomba muuguzi afike nyumbani kwa dada, naye akaja. Sukari ilikuwa imepanda sana, na katikati ya vidole vya mguu uliobaki alikuta kidonda kidogo, ambacho dada hakukisikia. Ndivyo kisukari kifanyavyo: huua hisia za mguu, mtu huumia bila kujua, na kidonda kidogo hugeuka kuwa kikubwa. Muuguzi akasema tumekiwahi. Akakisafisha, akabadili dawa, akaagiza dada apimwe kila juma mpaka kipone. Kila juma! Basi zile ngazi nne zilikuwa zimesimama kati ya dada yangu na mguu wake wa pili.

Tangu hapo nimeuliza wanaojua na kusoma habari hizi, nanyi yawapasa kuzijua. Nchi yetu ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, nayo inataka majengo ya watu wote yajengwe hivi kwamba mtu mwenye ulemavu aweze kuingia na kuhudumiwa. Mwaka mmoja kabla, mwaka 2009, Tanzania ilikwisha kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006. Wala tusidhani kwamba ni habari za watu wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 7 na kuendelea, kama 11 wana ulemavu wa namna fulani. Hebu hesabu nyumba za kijiji chako. Kama huwaoni watu hao zahanati, shuleni, kanisani au kwenye mkutano wa kijiji, usiseme hawapo. Uliza kwanza ni kitu gani kimewabakiza nyumbani.

Wenzetu wa nchi tajiri nao hawakuanza na wema tu. Kule Washington, Marekani, tarehe 12 Machi 1990, watu wenye ulemavu waliacha viti na magongo yao chini ya ngazi ndefu za jengo la Bunge, wakazipanda kwa kutambaa, mbele ya wapiga picha. Miongoni mwao alikuwamo mtoto wa miaka 8, Jennifer Keelan, naye alipanda kwa mikono na magoti mpaka juu. Walitaka wabunge waone kwa macho kile ambacho miguu yao haikuwaonyesha. Mwezi wa Julai mwaka uleule sheria yao ilitiwa sahihi. Na hapa kwetu, wanaopanda mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza kazi mwaka 2016, wameona kwamba sakafu ya kituo imeinuliwa ikawa sawa na sakafu ya basi, ili mtu aingie bila kupanda kidato. Basi jambo hili lawezekana, mradi mchoraji alifikirie kabla ya kuchora.

Nikaenda kwenye kamati, nikaungama kosa langu. Nikasema ngazi zibaki, lakini pembeni tujenge njia ya mteremko. Wakakubali, wakaniachia kazi. Nami kwa haraka na kiburi cha ufundi sikumwuliza mtu. Nikachukua nafasi ya mita 2 mbele ya ukumbi, nikamimina zege, nikalipiga niru likang'aa. Nikamwita dada alijaribu. Akatazama, akasema, "Mdogo wangu, umenijengea paa la nyumba." Alipojaribu kupanda, kiti kikataka kupinduka nyuma, na kama si mjukuu kukidaka angevunjika shingo. Ndipo nilipojifunza kanuni ambayo fundi kijana wa mjini alinieleza bila kufungua kitabu: kwa kila sehemu 1 ya kwenda juu, ziwe sehemu 12 za kwenda mbele. Sentimeta 60 mara 12 ni mita 7 na sentimeta 20. Mita zangu 2 zilikuwa mzaha.

Nikabomoa. Uwanja wa mbele haukutosha mita 7, basi tukaikunja njia: inakwenda kando ya ukuta, inafika mahali pa sawa pa kupumzika na kugeuka, kisha inapanda mpaka mlangoni. Upana tuliupa sentimeta 120. Ukingoni tukainua kidogo ili gurudumu lisitoke nje. Na safari hii sikupiga niru. Nilikwaruza zege kwa ufagio mgumu likiwa bado bichi, ili mvua ikinyesha watu wasiteleze. Mbele ya mlango tukaacha mahali pa sawa, kiti kisimame bila kurudi nyuma mtu anapofungua. Watu wa kijiji walileta mawe na mchanga kwa msaragambo wa siku tatu. Saruji ilikuwa mifuko 9. Mlango wa choo cha wagonjwa tuliugeuza ufunguke kwa nje, maana mlango unaofunguka kwa ndani humzuia mwenye kiti kuufunga nyuma yake. Ukutani nikaweka bomba la kushikia.

Dada yangu alikuwa wa kwanza kupita. Alikataa kusukumwa. Alipanda polepole, akapumzika pale kwenye kona, akapanda tena, akafika mlangoni amekaa wima na kanga yake mahali pake. Hakusema neno. Akaingia kupimwa. Kidonda kilipona baada ya majuma saba.

Na jambo la kuchekesha ni hili: siku hizi karibu hakuna apandaye ngazi zangu. Wajawazito hupita njia ya mteremko. Wazee wenye fimbo hupita huko. Pikipiki ikileta mgonjwa, husukumwa mpaka ukumbini. Hata muuguzi mwenye miguu miwili mizima hupita huko akiwa na mzigo. Ngazi hukaliwa na watoto wanaongoja mama zao.

Basi, msomaji mpenzi, nakuomba ufanye jambo moja. Ukisafiri juma hili, kwenda gulioni, mjini, ofisini au kanisani, hesabu kama nilivyohesabu mimi. Hesabu kila mahali ambapo mguu wako umeinuka. Tazama kama njia imezibwa na vitu ambavyo kipofu hawezi kuvijua. Sikiliza kama kuna watu wanaoitwa kwa mdomo tu. Kisha, ukiwa katika kamati ya ujenzi wowote, usikate shauri kabla hujamwuliza mtu mwenye ulemavu mwenyewe. Usimwulize ndugu yake. Mimi ni ndugu yake, na sikujua lolote. Tena msaada wa kubeba si kitu kibaya, lakini mtu abebwe kwa kupenda kwake, si kwa sababu sisi tumekosa mifuko 9 ya saruji. Hujafa hujaumbika. Ngazi tunazojenga leo tutazikuta uzeeni.

Majuzi dada alikuja kwangu kunitembelea. Akasimama mlangoni, akatazama huku na huku, akasema, "Fundi, mlango wako mwembamba." Nikaupima: sentimeta 68, na kiti chake kwa mikono yake chahitaji zaidi ya hapo. Tukanywa chai nje chini ya mgomba, vikombe viwili kila mtu. Jumatatu naubomoa.